Mafuta ya Nazi Hadi Skellefteå

Nyinyi mlioniandama kwa maswali tangu nirudi, wa saluni na wa mtaani Etterbeek, leo nawajibu wote kwa mpigo mmoja. Kila mtu nimemsimulia kipande, na sasa nasikia vipande vimeanza kuzunguka mjini vikiwa na chumvi. Kuna anayesema tulivutwa na trekta. Hatukuvutwa na trekta. Kuna anayesema nililia. Nililia, lakini si pale mnapodhani. Na kama karatasi hii inanuka vitunguu vilivyoungua, huyo ni mume wangu Omari, yuko jikoni. Sababu ya yeye kuwa jikoni mtaiona.

Kwa wasiojua mwanzo wake: Mama yangu alikuja kutoka Tanga kunitembelea, akapasuliwa sikio hapa Brussels, na daktari akamkataza kupanda ndege kwa wiki sita. Ndani ya wiki hizo hizo mdogo wangu Rukia, aliyeolewa Skellefteå, kaskazini kabisa mwa Sweden, alikuwa anatazamiwa kujifungua. Mwaka juzi Rukia alijifungua mtoto ambaye hakulia. Mumewe, Erik, alikuwa zamu chini mgodini. Mama alizipata habari kwa simu ya jirani, amesimama mlangoni na upawa mkononi. Tangu siku ile ana neno moja: "Wa pili simsikii kwa simu."

Treni tulizitazama. Kubadilisha mara sita, na goti la Mama, na mabegi. Likabaki gari langu, dizeli la miaka kumi na nne, ambalo huwa nalitumia kwenda sokoni na kurudi. Omari ni dereva wa ubalozi, kwa hiyo nyumbani kwetu magari ni elimu yake peke yake. Wiki ile alikuwa na wageni wa kuwazungusha, hakuweza kutoka.

"Mama Shamsa," akaniambia, "gari lile likifika Skellefteå mwezi wa kwanza, napika mimi nyumba hii mwezi mzima."

"Na vyombo?"

"Na vyombo." Kisha akanitupia ile ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia guu ni langu.

Saluni nako, pale Galerie d'Ixelles, mlinikumbatia kama mnaosindikiza jeneza. Mmoja wenu, simtaji, aliniuliza kiti changu apewe nani. Dua la kuku halimpati mwewe. Kiti changu nimekikuta na nimekikalia.

Laeken, kwa Papa Kasongo

Papa Kasongo ni mtu wa Likasi, kule Kongo, ana gereji nyuma ya nyumba moja kule Laeken. Zamani aliendesha lori mpaka Finland, majira matano ya baridi. Wote niliowaambia safari hii waliniuliza kwa nini. Yeye hakuuliza. Alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, kisha akamtazama Mama aliyekuwa ameketi kiti cha mbele, pamba sikioni na mkoba mapajani.

"Unaenda na huyu maman muzee mpaka kule?"

"Mpaka kule."

"Bon. Alors, hatuchekake na baridi. Baridi haiogopake muntu."

Siku mbili alilifanyia gari kazi. Betri aliitoa siku ile ile. "Hii batterie ni muzee kupita mimi," akasema. "Mu moins vingt-cinq, makumi mbili na tano chini ya zéro, inakufa, na haitakupatia hata bonjour." Omari alikuwa amesema matairi ya baridi mawili ya mbele yanatosha. Papa Kasongo alisikia akacheka mpaka akaketi juu ya tairi. Tukaweka manne. Maji ya rejeta aliyapima kwa kibomba chenye vidude vinavyoelea, akayamwaga yote akatia mengine. Maji ya kuoshea kioo pia akayamwaga, akatia dawa ya buluu isiyoganda. Mwisho akafunga hita kwenye injini, waya wake ukachomoza mbele karibu na namba ya gari. Nyuma akapakia sepetu, kamba, waya za kuamshia betri, mablanketi na mishumaa. Mshumaa mmoja, alisema, unaweza kuwaweka watu wawili hai ndani ya gari lililokwama. Sikupenda namna alivyolisema jambo lile kwa upole.

Halafu akaja kwenye mafuta ya gari.

"Unisikie muzuri. Usijaze mazout ya huku. Ukifika kule Suède tank iwe karibu vide, tupu, njo unajaza yao. Ya huku inagandaka, inakuwa sawa mafuta ya ngombe mu sahani. Moteur inakufa mu njia."

"Na hendibreki?"

"Usivute. Itashikamana. Tia première, gia ya kwanza, ni yote. Na hii," akanipa kichupa kidogo, "ni ya serrure, pa kutia funguo. Kila magaribi kidogo mu milango yote. Hapana maji, hapana kintu ingine."

Kile kichupa nilimpa Mama, kwa sababu Mama ndiye aliyekuwa mkuu wa vichupa vyote. Hilo ndilo kosa langu katika safari hii, na hamtanisikia nikikiri la pili. Mama alikinusa, akakunja uso. "Kinanuka mafuta ya taa," akasema, akakitia mkobani, ubavuni mwa chupa yake ya mafuta ya nazi. Mafuta hayo aliyapika kwa mikono yake Tanga, kwa ajili ya mgongo wa Rukia na ngozi ya mtoto. Lakini kwa Mama mafuta ya nazi hayana kazi moja. Yanapakwa nywele, yanapakwa visigino, yanatiwa cherehani, na bawaba ya mlango ikilia inatiwa hayo hayo.

Brussels hadi Lübeck

Tuliondoka Jumamosi kabla ya jua. Mama alikuwa amekaanga kuku wawili na maandazi ya kulisha harusi, na chai ya tangawizi kwenye chupa mbili za moto. Tumepita Liège tunaimba. Kufika mpakani mwa Ujerumani, kwenye kituo cha kupumzikia, askari wawili wa doria wakatusimamisha.

Mmoja alifungua nyuma. Akaona sepetu. Akaona kamba, mishumaa, na mablanketi manne. Akaja mbele akaona waya unaning'inia puani mwa gari. Akanitazama mimi, akamtazama Mama na kichwa chake kilichofungwa, akauliza kwa Kifaransa cha kuvunjikavunjika tunakwenda kumzika nani.

"Hatuziki," nikamwambia. "Tunazalisha."

Hakuelewa. Nikarudia taratibu: mdogo wangu, Sweden, mtoto, baridi. Alimwita mwenzake, wakazungumza kwao, wakarudi kulitazama sepetu kana kwamba litasema. Tulikaa pale karibu saa nzima wakipiga simu huku na huku. Mama alichoka kusubiri, akashusha kioo akampa yule askari andazi kwenye karatasi. Askari akalishika, akalitazama, akalila. Akala la pili. Kisha akagonga paa la gari mara mbili akatuambia twende taratibu, kuna upepo mbele.

Tulilala Lübeck. Nikainua waipa zisigandane na kioo, nikatia gia ya kwanza, hendibreki sikuigusa. Mama akashuka na kichupa cha Papa Kasongo akatia kwenye vitasa huku amejiziba pua.

Feri, na Denmark yote

Juu ya feri hairuhusiwi kubaki ndani ya gari, kwa hiyo tukapanda kwenye mgahawa. Kila nilichoulizia kilikuwa nguruwe, au kimepikwa na nguruwe, au kimekaa karibu na nguruwe. Mama akaagiza viazi vya kuchemsha, akafungua mkoba akatoa kuku wake. Msichana wa pale akaja kutuambia, kwa adabu, kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi. Mama akamgeuzia sikio lenye pamba, akatabasamu, akaendelea kutafuna. Msichana akasema tena kwa sauti zaidi. Mama akamkaribisha paja. Mimi nilitazama dirishani kama simjui.

Denmark ilikuwa mvua na upepo, sina cha kusimulia. Kwenye lile daraja refu la kuingia Sweden upepo ulilisukuma gari ubavuni, mikono ikaniuma kwa kushika usukani. Tulipomaliza nikaegesha kumpigia Omari.

"Mko wapi?" akauliza.

"Sweden."

"Sweden ni ndefu," akasema.

"Na mwezi nao ni mrefu. Anza kununua vitunguu."

Jönköping hadi Sundsvall

Mshale wa mafuta ulikuwa umelala kwenye nyekundu tangu Denmark, kwa sababu nilishika maneno ya Papa Kasongo kama aya. Mama alikuwa akiutazama mshale ule kuliko barabara. Tukajaza dizeli yao, tukalala Jönköping, na asubuhi iliyofuata ndipo baridi yenyewe ilipoanza. Hewa ya Brussels mwezi wa kwanza ni ubaridi wa maji, unaingia taratibu. Hii inakupiga kofi.

Barabara ilikuwa nyeupe na ngumu. Malori yakitupita yaliacha wingu la theluji, kwa sekunde tano sioni hata boneti yangu. Nikashuka mwendo mpaka sabini. Nyuma yangu ukajipanga msururu, wananiwashia taa. Mama akageuka akawatazama.

"Wana nini hawa?"

"Wana haraka."

"Hata sisi tuna haraka," akasema. "Nenda hivyo hivyo."

Nikaenda hivyo hivyo, kilomita mia saba. Aliyetaka kupita alipita.

Hoteli ya Sundsvall, yule wa mapokezi aliniuliza kama gari linahitaji umeme. Nilipomwonyesha waya wetu akafurahi kama aliyekutana na ndugu. Pale maegesho kila nafasi ina nguzo yenye soketi. Mama alisimama akatazama nikichomeka.

"Gari linachomekwa kama simu?"

"Ndiyo, Mama. Injini isigande."

"Na sisi?"

"Sisi tuna hita chumbani."

"Basi tumelingana na gari," akasema, na hakufurahishwa.

Nilibeba mabegi juu. Kutoka dirishani nilimwona ameinama kwenye mlango wa dereva, chupa mkononi, halafu upande wa pili, halafu nyuma. Nikasema moyoni, Mama ameshakuwa fundi.

Sundsvall, kwenye maegesho

Saa kumi na mbili asubuhi simu ikalia. Alikuwa Rukia mwenyewe. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka, siku tisa kabla ya tarehe aliyopewa, na Erik alikuwa anampeleka hospitali.

"Dada Mwanaidi, mko wapi?"

"Tumebakiza kilomita mia nne."

Nilimsikia akipumua. "Mwambie Mama afanye haraka. Safari hii sitaki kufumbua macho nikutane na dari tu."

Tulishuka bila kunywa chai, mabegi tukayaacha chumbani niyarudie. Kipimajoto cha ukutani kilisema ishirini na saba chini ya sifuri. Nikachukua ufunguo nikautia kwenye kitasa. Haukuingia. Mlango wa pili, haukuingia. Wa nyuma, haukuingia hata ncha. Nikavuta, nikapiga kwa kiganja, nikapulizia pumzi mpaka midomo ikafa ganzi.

Nikampigia Omari. Dereva wa ubalozi, miaka kumi na moja kazini. "Vunja kioo," akasema. Kilomita mia nne, baridi ile, kioo kimevunjwa, na pembeni yangu mwanamke aliyepasuliwa sikio. Nikamkatia simu. Nikampigia Papa Kasongo.

"Donc, maman, tulia. Mulitia nini mu serrure?"

"Dawa yako."

"Dawa yangu haigandake. Uliza maman muzee."

Niligeuka. Mama alikuwa amejifunga mablanketi mawili tuliyopanda nayo chumbani usiku, macho ameyakaza kwenye mti.

"Mama, jana ulitia kile kichupa kidogo?"

"Kile kinanuka."

"Ulitia nini?"

"Nilitia mafuta masafi," akasema. "Na nilitia mengi."

Nilikasirika, siwafichi. Sijawahi kumpandishia Mama sauti, na asubuhi ile nilimpandishia. "Mama, Tanga kwenyewe kipupwe kikiingia mafuta haya yanaganda chupani. Unayaanika juani kila mwaka kwa mikono yako. Hapa jua liko wapi?"

Naye akanigeukia, machozi yamemjaa lakini kidevu kiko juu. "Basi lilete," akasema. "Unapiga kelele za nini? Lete jua, mwanangu anazaa."

Maneno hayo yakanigonga. Nyinyi wa saluni mnajua asubuhi za baridi pale Galerie kopo la mafuta ya nazi linakuwaje. Mnajua nalifanyaje kabla ya mteja wa kwanza. Draya yangu ya kazini, ile kubwa, ilikuwa juu chumbani ndani ya begi, kwa sababu nilitaka kumtengeneza Rukia nywele siku ya kutoka arobaini. Nilipanda ngazi mbili mbili, nikarudi nayo. Nikachomoa gari kwenye nguzo, nikachomeka draya.

Ililia kama saluni ya Jumamosi. Upepo ulikuwa unaiba joto lote. Mzee mmoja aliyekuwa akikwangua barafu kwenye gari lake alitutazama kwa muda, akaja, akachukua blanketi moja la Mama akalitandaza kwa mikono yake miwili kama pazia, sisi tukabaki ndani. Dakika moja. Mbili. Vidole vyangu sikuvisikia tena. Kisha harufu ikatoka: wali wa nazi, hapo, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Yule mzee akavuta pumzi akaniuliza kwa Kiingereza chake kifupi kama tunapika.

Tone la kwanza likachuruzika mlangoni. La pili. Nikatia ufunguo ukaingia, nikauzungusha ukageuka. Injini iliwaka mara moja, kwa betri ya Papa Kasongo na hita yake, nikakimbia kuyateremsha mabegi, na yule mzee akakunja blanketi vizuri akamrudishia Mama. Jina lake sikuuliza. Nikimkumbuka naona aibu kwa hilo.

Hadi Skellefteå

Kutoka Sundsvall mpaka Umeå Mama hakubadilisha mkao. Alikaa amejikunja, mikono yote miwili imeingia ndani ya nguo kifuani. Nilidhani amenuna, halafu nikadhani anaomba. Nilimwomba radhi kwa sauti niliyompandishia. Akaitikia kwa kichwa. Nikataka tusimame tunywe kitu cha moto.

"Unaona kiu?" akauliza.

"Hapana."

"Basi."

Nilipita malori. Mimi, niliyekuwa natembea sabini, niliyapita malori matatu nikiwa nimefumbua macho mpaka yakakauka. Simu ya Erik ilikuja mara moja: bado, lakini upesi. Saa nane mchana, jua likiwa limeshaanza kuondoka, tukaingia Skellefteå, nikamshusha Mama mlangoni mwa hospitali. Hakusubiri lifti. Yule mwenye goti bovu alipanda ngazi.

Mimi nikaegesha. Gia ya kwanza, hendibreki usivute, waipa juu, waya kwenye nguzo, kichupa cha Papa Kasongo kwenye vitasa vyote. Mtasema nilikuwa na moyo gani wa kufanya yote hayo saa ile. Nilikuwa naogopa kupanda juu, ndiyo sababu.

Nilipofika, nesi aliniambia waliomo ndani wametosha, nikae kwenye korido. Nikakaa. Kupitia mlangoni nilisikia sauti ya Rukia, na ya Mama ikimjibu, Kiswahili cha kwetu, taratibu, kama anamfundisha kusuka ukili. Sijui nilikaa muda gani. Kisha mtoto akalia. Alilia kwa nguvu, kwa hasira, kama aliyechokozwa. Ndipo na mimi nilipolia. Ndiyo pale, kama mlikuwa mnataka kujua.

Waliponiruhusu kuingia, mtoto alikuwa amelazwa kifuani kwa Rukia, msichana, ngumi amezikunja. Erik amesimama ukutani anajifuta uso kwa kofia. Mama alikuwa kitandani upande wa kichwa. Akaingiza mkono kifuani, chini ya sweta tatu na magauni mawili, akatoa ile chupa yake. Mafuta yalikuwa maji matupu. Alikuwa ameyaatamia kutoka Sundsvall mpaka pale.

Nesi akayanusa, akakubali kwa kichwa. Mama akajimiminia kiganjani, akampaka Rukia mgongo, akampaka mtoto nyayo, moja, na ya pili. Kisha akaifunga chupa, na bila kunigeukia akasema:

"Haya, Mwanaidi. Sema tena kuhusu mafuta yangu."